Kijiko cha Mzee Shabani Kilivyofika Bukhara

Ninyi vijana mnaosimama asubuhi nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na kipande cha boksi mkononi kinachotangaza kwamba ninyi ni mafundi wa vigae, mimi nawaona. Nikipita ndani ya teksi natazama viatu vyenu kama vina gundi iliyokauka. Nilisimama hapo hapo kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Sasa magoti yamegoma, nimestaafu, nakaa chumbani kwangu Bellevue nakunywa chai, na kazi iliyobaki ni kuongea. Leo nataka niwasimulie kijiko cha chai kilivyokwenda Bukhara. Mwenye haraka aende zake, atarudi vigae vyake vikianza kudondoka.

Tuanze na mwenye kijiko. Mzee Shabani ni mtu wa Buyenzi, kule Bujumbura, na ndiye aliyenifundisha kazi hapa Johannesburg nilipoingia kutoka Kigoma, hata mwiko wa meno sijui unashikwa wapi. Mafundi wengine walikagua ukuta kwa macho na pimamaji. Mzee Shabani alikagua kwa masikio. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kijiko cha chai, cha kawaida tu, na ukimaliza ukuta anakuja anagonga kigae kimoja kimoja kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kichwa kakiinamisha. Kigae kilichoshiba nyuma kinatoa sauti fupi: ti. Kigae chenye uwazi nyuma kinasema pwaa, kama sanduku tupu. Akisikia pwaa, kigae kinang'olewa, hata kama mwenye nyumba ameshaingiza makochi.

Ndiyo maana nawagombeza kila siku. Mnaweka madonge matano ya gundi nyuma ya kigae, moja kila pembe na moja katikati, kama mtu anayepika chapati kwa kubahatisha, mnabandika, mnasema sharp, yaani mambo safi, mnaondoka. Hayo madonge yanaacha uwazi, na uwazi huo ndio unaokuja kuvunja kigae siku mtu akiweka friji. Paka gundi eneo lote, pitisha meno ya mwiko upande mmoja, bandika huku unasukuma. Nimemaliza, sitagombeza tena. Labda mwishoni.

Mzee Shabani akiridhika na ukuta alikuwa anasema neno moja tu: "Umejaa." Hicho ndicho kilikuwa cheti chetu. Ukiambiwa "umejaa" na Mzee Shabani, kesho yake mtaa mzima wa Mayfair umesikia, wenye maduka wanakutafuta wenyewe. Wenzangu walilipata hilo neno. Mimi nilifanya kazi naye miaka mingi, na kila akigonga ukuta wangu alisema, "Endelea." Nikimaliza sehemu ya kutawadhia msikitini, "Endelea." Nikimaliza sakafu ya duka la Msomali mmoja pale Mayfair, sakafu ambayo mpaka leo naenda kuitazama nikijifanya nanunua maziwa, "Endelea." Iliniuma, siwafichi. Na ukuta wangu wa kwanza kabisa, ambao niliuweka jikoni kwake mwenyewe Joubert Park, juu ya sinki, kwa sababu hakuna mteja angenikubali, ule hata hakuugonga. Aliutazama, akachukua sufuria, akaanza kupika.

Miaka imekwenda. Sukari imemchukua macho Mzee Shabani, na miguu nayo haimsaidii sana. Bado yuko kwenye fleti ileile ya Joubert Park na mkewe, Bi Tatu. Jikoni kwao kuna kalenda ya zamani yenye picha ya kuba la buluu la Bukhara. Mwaka wake umepita zamani, lakini haikutolewa ukutani, kwa sababu Mzee tangu utoto wake madrasani alilisikia jina la mji huo, akaapa atafika huko. Hakufika. Vita, ukimbizi, watoto, kazi, halafu macho.

Sasa, binti yangu Zuhura anawapangia safari akina mama wa Mayfair. Huwapeleka Umra, lakini mwaka huu wakaamua kwenda Uzbekistani, wakatembelee Bukhara. Akanijia na habari. Zuhura kazaliwa hapa, Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukisema ni mpaka akasirike au afurahi sana. Siku hiyo alifurahi. "Baba, unaenda Bukhara na mimi. Usinibishie."

Nibishe nini? Nilikwenda moja kwa moja Joubert Park kumuaga Mzee. Nilimkuta kitandani, amekonda kupita nilivyomwacha wiki iliyotangulia. Nikamwambia nitampigia picha nyingi, halafu nikaona aibu kwa ujinga wangu.

"Picha nifanyie nini, weye kijana?" akasema. Ninakaribia miaka sabini, ananiita kijana. "Niletee sauti. Ule ukuta umekaa pale mamia ya miaka, jua linaupiga, theluji inaupiga. Ninataka kusikia kama umejaa."

Akapapasa chini ya mto, akatoa kijiko. "Gonga na hiki. Na usichelewe."

Bi Tatu alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Akanishika mkono kwa muda, akarudi ndani.

Bukhara, vijana, sijui nianzie wapi. Kwanza unaingia mji wa rangi ya udongo mtupu. Nyumba za udongo, kuta za udongo, vichochoro vya udongo, unasema hapa nimeletwa kutazama nini. Halafu unakata kona na ukuta mzima unakurukia usoni, buluu, feruzi, nyeupe, unang'aa kama umeoshwa dakika hiyo hiyo. Nilipiga ukelele. Nilipiga ukelele mbele ya akina mama wa Mayfair na wala sioni aibu. Nikakaa chini, hapo hapo kwenye matofali ya uwanja.

"Eish, baba, uko sawa?" Zuhura akaniuliza.

"Niache," nikamwambia. "Natafuta grauti."

Ndicho nilichokuwa nafanya. Jicho la fundi wa vigae likifika mahali linatafuta mstari wa grauti, ule ujazo kati ya kigae na kigae, kabla halijatafuta mlango. Na sikuuona. Nyota, majani, maua, herufi za Kurani zinazozunguka lango zima, na kila rangi ni kipande chake. Si kwamba wamechora juu ya kigae. Jani ni kipande, shina lake ni kipande kingine, na nukta ya herufi ni kipande kidogo kuliko ukucha wangu, vyote vimekatwa kwa mkono vikaingiliana bila kuacha upenyo. Mimi nimekata kwa grainda maisha yangu yote kuzunguka mabomba ya vyoo, nikajiita bingwa wa kona. Nilicheka peke yangu hapo chini kwa furaha.

Mnara wao mkubwa hauna kigae isipokuwa mkanda mmoja wa feruzi karibu na juu. Kwingine kote ni tofali tupu, ila wameligeuza kila namna, huku limesimama, huku limelala, huku limechomoza kidogo, mpaka mnara mzima ukavaa mapambo kwa kivuli chake. Jua likisogea, mapambo yanabadilika. Nilikwenda kuutazama asubuhi, nikarudi mchana, nikarudi alasiri, mpaka Zuhura akanipa kofia yake.

Kijiko kilikuwa mfukoni muda wote. Siku ya pili nikaona nafasi. Tulikuwa ndani ya ua wa madrasa moja ya zamani, wenzetu wanasikiliza maelezo upande ule, mimi nimesogea ukutani upande huu. Nikatoa kijiko, nikagonga taratibu kwa mgongo wake. Ti. Nikagonga cha pili, ti. Cha tatu, pwaa.

Nilishtuka, nikasogeza sikio nigonge tena, na hapo mkono ukanidaka. Alikuwa mama mmoja mlinzi, ana kilemba cha maua na meno ya dhahabu, na nguvu zake si za mchezo. Alisema maneno mengi sikuelewa hata moja, ila maana yake nilielewa yote. Akaninyang'anya kijiko.

"Baba, utatufungisha," Zuhura akasema, mbio mbio anakuja. "Unagongaje ukuta wa watu? Mara ngapi wamesema msiguse?"

Walisema, kweli. Lakini fundi wa vigae akiambiwa asiguse ukuta ni sawa na kumwambia mpishi asinuse chungu. Nikaanza kumsihi yule mama kwa Kiswahili, nikamwambia kijiko si changu, ni cha Mzee wangu, anaumwa. Zuhura akafasiri kwa Kiingereza, msindikizaji wetu wa pale akafasiri kwa lugha yao. Yule mama akanitazama, akakitazama kijiko, akatuongoza mpaka nyuma ya ua, kwenye karakana ya mafundi wanaokarabati kuta. Akamkabidhi kijiko mzee mmoja mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, kama vile anampelekea mwizi polisi.

Huyo alikuwa Rustam, mkuu wa mafundi. Wenzake wanamwita usto, ndiyo fundi mkuu kwao. Akaweka mkono kifuani, tukasalimiana Asalamu alaikum, na hiyo haikuhitaji mfasiri. Akaulizia nilipogonga. Nikampeleka. Akagonga kigae cha tatu kwa kifundo cha kidole. Pwaa. Akanionyesha alama ndogo ya chaki pembeni ambayo sikuiona. Walikuwa wanakijua kigae hicho siku nyingi, wanasubiri hali ya hewa ikae sawa wakitibu. Akacheka, akanipiga begani, akanirudishia kijiko.

Yule mama wa meno ya dhahabu naye akacheka. Akaenda akaleta chai ya kijani na mkate wa duara wenye mapambo katikati. Wallahi nilijiona nimefika nyumbani.

Pilau yao nitaisema kwa kifupi kwa sababu nilibishana nayo. Wanaweka karoti. Karoti nyingi, zimekatwa vijiti, na karafuu hakuna. Nikamwambia Rustam kwetu hii hatuiiti pilau. Akajibu kupitia wafasiri wawili kwamba nimalize sahani kwanza ndipo niikosoe. Nilimaliza nikaongeza.

Karakana ndiko nilikofundishwa. Wanachora mchoro kwenye karatasi juu ya meza, wanakata vipande kwa nyundo ndogo, wanavisugua kwa tupa mpaka vikae. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipochekwa. Wanapanga vipande uso chini. Rangi inatazama meza, mgongo wa udongo unatazama juu. Halafu wanamwaga jasi laini juu ya migongo, inaingia kila upenyo, ikikauka wananyanyua bamba zima wanalipeleka ukutani. Ndiyo maana hakuna uwazi. Nyuma pamejazwa kabla ya mbele kuonekana.

Rustam akanipa nafasi nipange nyota moja katikati ya bamba. Nikapapasa mfuko wa koti, nikatoa misalaba yangu ya plastiki, ile ya kuachanisha vigae. Nimestaafu lakini kila koti langu lina misalaba. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kijana wao mmoja aliinua msalaba mmoja akautazama kwenye mwanga kama mdudu asiyemjua. Kwao vipande vinagusana, hakuna cha kuachanisha.

Nikarudisha misalaba mfukoni, nikapanga nyota yangu kwa makini sana, sehemu ya upana wa kiganja tu, huku nikisimulia kupitia kwa Zuhura habari za Joubert Park, za macho ya Mzee, na kwa nini kijiko kiko hapa. Wote wakawa wananisikiliza. Wakamwaga jasi. Tukiwa tunakunywa chai, jasi ikakauka. Wakanyanyua bamba, wakaligeuza.

Buluu, feruzi, nyeupe, buluu, na katikati pale nyota ya udongo mtupu, imevimba kama mkate uliozidi hamira. Nilikuwa nimeipanga uso juu. Mikono yangu imepanga uso juu tangu ujana, haikuniuliza. Kwa jinsi walivyokuwa wananitazama machoni wakati nasimulia, hakuna aliyeitazama mikono yangu, hata aliyemwaga jasi.

Rustam alicheka mpaka akafuta machozi, na vumbi likamganda mashavuni. Akakataa lisivunjwe. Akasema litakaa mlangoni mwa karakana, na wageni wakiuliza wataambiwa hii ni nyota ya Johannesburg.

Basi tunacheka hivyo, simu ya Zuhura ikalia. Alisoma, akaacha kucheka. Bi Tatu alikuwa ameandika kwamba Mzee Shabani amelazwa, na kwamba akizinduka anauliza kama kijiko kimefika.

Tulikuwa tunaondoka kesho yake. Sauti sikuwa nayo. Nilikuwa nimegonga vigae vitatu bila kurekodi hata kimoja, kwa papara zangu. Nikamwomba Rustam, sikuficha kitu, nikamwambia mtu wangu anaondoka, na ombi lake ni hili tu. Rustam akawaza. Madrasa ile haiwezekani, watu ni wengi na sheria ni sheria. Lakini mtaani kwake upo msikiti mdogo wa zamani wanaoukarabati, na yeye ndiye mkuu wa kazi. Akatuambia tuje kuswali alfajiri hapo.

Tuliswali, kukapambazuka. Baridi inauma mpaka meno. Rustam akatupandisha kwenye jukwaa la mbao, magoti yangu yakilalamika kila ngazi, mpaka mbele ya kipande cha ukuta cha feruzi ambacho, alisema, hakijaguswa na mkono wa fundi yeyote tangu walipokiweka wa kwanza. Chini yake palikuwa pametibiwa zamani kwa saruji, na pale vigae vilikuwa vimeanza kuachia, kwa sababu chumvi ya ardhi inapanda, saruji inaifungia ndani, inakwenda kusukuma vigae. Jasi na udongo vinapumua. Liwekeni hilo kichwani.

Zuhura akashika simu karibu kabisa. Nikatoa kijiko. Rustam akanishika kiwiko nisiteleze. Nikagonga. Ti. Nikasogea. Ti. Nikaenda mstari mzima, kigae kwa kigae, ti, ti, ti, hakuna hata kimoja kilichosema vingine. Mamia ya miaka, vijana. Waliouweka hawajulikani hata majina, na nyuma ya kila kigae bado pamejaa. Nililia nikicheka, na Zuhura akanikonyeza ninyamaze nisiharibu rekodi. Mpaka leo mwishoni mwa ile rekodi unanisikia nikipenga kamasi.

Safari ya ndege niliiona kama haiishi. Tulipotua nilimwambia Zuhura tusipite nyumbani. Barabarani kila robot, zile taa za barabarani, ilitukamata ikiwa nyekundu, nikawa nazigombeza. Tukampigia Bi Tatu kuuliza hospitali gani, akasema, "Njooni nyumbani. Kawasumbua manesi mpaka wakamruhusu."

Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa, kama kawaida yake. Nilipanda ngazi zote na begi mgongoni. Mzee alikuwa kitandani, amejiegemeza kwenye mito, amebaki ngozi na mifupa. Sikumsalimia vizuri. Nilikaa pembeni yake, nikamwekea simu sikioni.

Ti. Ti. Ti.

Alisikiliza kichwa kakiinamisha, vilevile kama zamani. Ilipofika nilipopenga kamasi akatabasamu. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Alisikiliza tena mpaka mwisho. Nikangoja aseme umejaa, nikawa nimejiandaa kufurahi kwa niaba ya mafundi wa Bukhara. Hakusema. Alinyoosha mkono.

"Kijiko. Na weye ninyanyue."

"Unakwenda wapi, Mzee?"

"Jikoni."

Bi Tatu akataka kukataa, akamwona uso, akaja upande wa pili. Tulimshika huku na huku, tukaenda hatua ndogo ndogo mpaka mbele ya sinki, chini ya ile kalenda. Akapapasa mpaka akapata ukuta. Ukuta wangu wa kwanza, vigae vyeupe vya kawaida, grauti imeshakuwa ya kahawia kwa moshi wa miaka. Akagonga. Ti. Akasogea. Ti. Alikwenda mstari mzima kama nilivyokwenda mimi kule jukwaani, na kila kigae kilijibu kama cha Bukhara.

"Umejaa," akasema.

Mtu mzima, mjukuu ninaye, nimesimama jikoni kwa watu nalia.

"Umejaa tangu lini, Mzee?"

"Tangu siku ile. Ulipotoka tu niliugonga wote. Tatu shahidi."

Bi Tatu akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia ungeacha kusikiliza." Akaniwekea kijiko mkononi. "Sasa korogea chai na hicho, na ile sauti niwekee tena."